Ugonjwa wa Tabia na Ugonjwa wa Mahali: Riwaya ya Kiswahili na Afya ya Maskini wa Bukavu

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili cha maandishi, katika riwaya na katika matangazo ya afya, kinavyoyaeleza maradhi ya watu maskini wa mijini. Kipimo kinachotumiwa ni mji wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bukavu hautajwi sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na pengine ndiyo sababu unafaa kwa kazi hii: msomaji hauendei akiwa na picha iliyokwisha kuchorwa na vitabu, kama anavyoziendea Dar es Salaam, Unguja au Nairobi. Hoja inayotetewa ni kwamba maandishi ya Kiswahili yamezoea kuuona ugonjwa wa mjini kuwa matokeo ya tabia ya mgonjwa, na kwamba mazoea hayo hayo yamo katika lugha ya kampeni za afya, ambako madhara yake yanavuka mipaka ya fasihi.

Mhusika anayeugua

Anayezisoma riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 kwa kuifuata miili ya wahusika, badala ya kuzifuata fikra zao kama wahakiki walivyozoea, ataona jambo linalojirudia. Mhusika akitoka kwao, akaonja uhuru wa shuleni au wa mjini, mwili wake ndio unaotozwa deni. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa analelewa kwa ukali na Zakaria, anajikuta huru ghafla anapokwenda masomoni, na mwili wake unabeba hesabu yote hadi siku anapojiua. Katika Kichwamaji (1974) ugonjwa wa zinaa unaharibu kizazi cha wasomi waliojiona wameerevuka. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna aliyefungiwa ndani ya nyumba ya Maksuudi anatoroka, anaingia katika ukahaba na ulevi, na uzuri wake unachakaa mbele ya macho ya msomaji.

Si haki kudai kwamba waandishi hao waliwahukumu wahusika wao bila huruma. Kezilahabi anamshtaki baba kabla ya kumshtaki binti, na Said Ahmed Mohamed anamshtaki Maksuudi pamoja na mali yake ya dhuluma. Hata hivyo mkondo wa lawama ni mfupi. Unaanzia kwa binti, unapanda kwa baba, na hauvuki mlango wa nyumba isipokuwa kwa kulitaja tabaka kwa jumla. Maji, choo, bei ya dawa, umbali wa zahanati na mshahara wa mwuguzi havina nafasi katika mkondo huo. Mji wenyewe umechorwa kama kishawishi: baa, muziki, taa za usiku. Ni mara chache umechorwa kama mfereji.

Njia nyingine ilikuwapo. Shafi Adam Shafi katika Kuli (1979) aliuweka mwili wa mchukuzi wa bandari ya Unguja chini ya mzigo, akaonyesha unavyochakazwa na kazi, na jibu la mwili huo likawa mgomo wa mwaka 1948. Emmanuel Mbogo katika Watoto wa Mama N'tilie (2002) alikwenda mbali zaidi. Watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare wanaishia jalalani, na jalala linalowalisha ndilo linalowaletea maradhi. Hapo riwaya ya Kiswahili inakaribia kusema kwamba mtu anaweza kuugua kwa sababu ya mahali anaposimama. Inakaribia tu, kwa maana Mbogo hakuweza kujizuia kumweka Mzee Lomolomo, baba mlevi, awe mbeba lawama wa jirani. Chachage S. Chachage alipoandika Makuadi wa Soko Huria (2002) aliifikia sera ya uchumi yenyewe, ingawa katika kitabu hicho mwanasosholojia anazungumza mara nyingi kuliko mtunzi.

Kongo nayo ina maandishi yake. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani; Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Wanaisimu waliipokea kwa furaha kwa sababu ya lugha yake. Kwa mjadala huu faida yake ni nyingine. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na watu waliofua nguo za mji huo, na ndani yake mji ni kazi, ni mwajiri, ni sheria ya mkoloni. Tabia mbovu za kijana aliyetoka shambani si kiini cha simulizi.

Mji wa miteremko

Bukavu uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mahali Mto Ruzizi unapotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Katika zama za Wabelgiji uliitwa Costermansville. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, miongoni mwao Muhumba, Nguba na La Botte, ambako maji ya mvua huishia ziwani bila kupita mlangoni kwa mtu. Waafrika walitengewa Kadutu na, katika miaka ya 1950, Bagira. Mgawanyo huo wa ardhi ulikuwa pia mgawanyo wa afya.

Mji uliopangiwa makumi ya maelfu ya watu ulikuja kubeba idadi ambayo hakuna aihesabuye. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo kuna makisio tu, na makisio ya miaka hii yanapita milioni moja. Hilo si jambo la takwimu pekee. Chanjo, vitanda, dawa na mabomba hupangwa kwa kugawanya, na anayegawanya bila kujua idadi ya wanaogawiwa hugawa kwa kubahatisha.

Vitabu vya uchumi husema kwamba miji hukua kwa sababu viwanda huita watu. Bukavu haukuitwa na viwanda. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu kwa mamia ya maelfu. Vita vya 1996 na vya 1998, mapigano ya mjini ya mwaka 2004, na zaidi ya yote miaka mingi ya mashambulizi vijijini, viliwatoa watu Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda, wakaja kutafuta mahali pa kulala bila kuvamiwa. Mkulima aliyeacha shamba la maharagwe na mihogo aligeuka mnunuzi wa unga kwa kipimo. Kwa hiyo njaa ya mjini ina sura tofauti na njaa ya kijijini: chakula kipo sokoni Kadutu, kimepangwa vizuri, na mtoto ana utapiamlo hatua chache kutoka hapo. Sambaza, dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wamewasaidia maskini kupata kitoweo kuliko mipango mingi ya lishe. Lakini nao huuzwa kwa fedha.

Kuna kejeli nyingine ambayo mtunzi wa riwaya angeshutumiwa kuwa ameibuni. Bukavu ndio uliokuwa mji wa Pharmakina, kampuni iliyotengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ya sinkona iliyopandwa kwenye vilima vya Kivu. Dawa ya malaria ilitoka hapa kwenda duniani, na malaria iliendelea kuwa miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wa hapa. Dawa haikuwa mbali. Kilichokuwa mbali ni bei.

Nafasi ya wageni hawa wote ilipatikana kwenye miteremko. Nyumba za mbao na mabati zilipanda vilima na kushuka mabondeni, ukuta kwa ukuta, bila njia ya gari. Moto ukizuka, gari la zimamoto hata likiwapo halina pa kupita. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa mfinyanzi huteleza pamoja na kilichojengwa juu yake. Katika mji wa tambarare jirani ni mtu wa kushoto au kulia. Bukavu jirani ni wa juu au wa chini, na tofauti hiyo ni ya kiafya. Choo cha wa juu kikijaa, mvua hukishusha kwa wa chini. Mfereji wa wa juu ukiziba, ukuta wa wa chini hubomoka. Kuna familia zinazofagia ua kila alfajiri na kuugua kutokana na uchafu usio wao.

Kwa hali hiyo viongozi wana neno: ujenzi holela. Neno hilo limetoka katika Kifaransa cha idara za mipango miji, na kwa Kiswahili limezidi ukali, kwa sababu "holela" humfanya mjenzi awe mtu asiyefikiri. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa mteremko mkubwa wa Funu, unaosogea polepole pamoja na mtaa ulioko juu yake. Walionyesha kwamba kukua kwa mji kumeuharakisha mwendo huo, kwa kubadili njia za maji juu na chini ya ardhi. Matokeo hayo yanaweza kusomwa kama uthibitisho wa uholela. Lakini swali la nani aliyepima viwanja halijibiwi na neno hilo. Wengi wa waliojenga kwenye ardhi isiyofaa walinunua viwanja kwa fedha taslimu, wakapewa karatasi zenye mihuri ya ofisi. Aliyepiga mhuri hakuitwa holela.

Mikono michafu

Msemo wa pili unaostahili kuchunguzwa ni "magonjwa ya mikono michafu", unaotumiwa katika nchi zinazosema Kifaransa kwa ajili ya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara. Umefasiriwa neno kwa neno na kuingia katika mabango na vipindi vya redio. Kipindupindu, au kolera kama kinavyoitwa Kongo, kimekuwa ugonjwa wa kudumu kandokando ya maziwa ya mashariki ya nchi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa ukali wake: mwezi Julai 1994 uliwaua wakimbizi kwa maelfu huko Goma katika muda wa majuma machache.

Kwamba kunawa mikono kunazuia maradhi ni kweli isiyopingika, na makala haya hayaipingi. Linalohakikiwa ni sarufi ya msemo wenyewe. Katika "mikono michafu" mwenye kosa ni mwenye mikono. Maji hayamo, bomba halimo, wala Regideso, shirika la taifa la maji, haimo. Ifanywe hesabu ndogo. Kaya ya watu 7 inayomudu bidoni 3 za lita 20 kwa siku ina lita 60, yaani chini ya lita 9 kwa kila mtu, za kunywa, kupikia, kuoga, kufulia na kunawa. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada katika kambi za wakimbizi, vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini. Mama wa kaya hiyo anajua kabisa kwamba mikono inawe. Anachoamua kila asubuhi ni kipi kikose maji, na uamuzi huo hauna jina katika bango lolote.

Historia ya miji mingine inasaidia hapa. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Mji wa Altona ulikuwa umeshikamana nao, mitaa ikiungana, watu wakisema lugha moja na kula chakula kile kile, na wote wakinywa maji ya mto Elbe. Altona ulikuwa ukiyachuja maji yake kwenye mchanga. Hamburg haukuwa ukichuja. Altona uliponyoka kwa kiasi kikubwa. Upande huu wa barabara watu walikufa, upande wa pili wakapona, na hakuna aliyeweza kudai kwamba mikono ya upande mmoja ilikuwa safi zaidi. Kabla ya hapo magazeti na mimbari za Ulaya zilikuwa zimezoea kueleza kolera kwa ulevi na uvivu wa maskini. Hoja ya tabia ilivunjwa na kichujio.

Kama neno moja likibadilishwa, mshtakiwa naye anabadilika. "Magonjwa ya maji machafu" ni Kiswahili chepesi, kinaeleweka Kadutu na kinaeleweka Tanga, na kinamwacha msikilizaji akiuliza maji hayo yametoka wapi. Pengine ndiyo maana hakipendwi na wenye mabango.

Kuchangia

Lugha ya malipo nayo ina mitego yake. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, wakaukubali mpango wa jamii kubeba sehemu ya gharama za dawa muhimu. Tanzania ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali mwaka 1993, na neno lililochaguliwa likawa "kuchangia huduma". Uteuzi huo wa msamiati ulikuwa wa kijanja. Mchango ni neno la arusi, la msiba, la ujenzi wa msikiti na kanisa. Hubeba ndani yake wazo kwamba kila mmoja ametoa chake na kilichobaki kimejazwa na wengine. Bili haina wengine. Mgonjwa peke yake ndiye anayechangia ugonjwa wake.

Nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa hadi mwaka 1997, hali ilizidi hiyo. Serikali ilipoacha kulipa mishahara ya maana na kupeleka dawa, hospitali na vituo vya afya vilijitegemea kwa fedha za wagonjwa. Ni zama za utani mchungu wa "Kifungu cha 15", kifungu cha katiba kisichokuwapo kinachomwamuru raia ajitafutie mwenyewe. Mwuguzi aliingizwa katika kifungu hicho hicho: posho yake hutoka katika mapato ya kituo, na mapato hutoka kwa wagonjwa. Riwaya ya kimaadili ingemchora mwuguzi huyo kuwa mla rushwa asiye na huruma. Kwa hakika yeye na mgonjwa wanakaa mtaa mmoja, wanateka maji bomba moja, na ada ya shule ya watoto wake iko ndani ya bili ya jirani yake. Hapa pana tamthilia kubwa kuliko ya mwema na mwovu, na haijaandikwa kama inavyostahili.

Ncha kali ya mfumo huu ni desturi ya kumzuia hospitalini mgonjwa aliyekwisha kupona hadi deni lilipwe. Imeripotiwa mara nyingi Kongo, hasa kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji, na si ya Kongo peke yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi jijini Nairobi kulikiuka haki zao. Mwanamke aliyezuiwa hayumo tena katika hesabu ya wagonjwa, na hayumo katika hesabu ya wafungwa. Analala sakafuni au kwenye kitanda cha kushiriki, analetewa chakula na ndugu ambao wangekitumia chakula hicho kulipia deni. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hali hii: rehani, dhamana, utumwa wa deni. Yote yana historia ndefu pwani na bara. Jambo la kushangaza ni kwamba lugha ya idara za afya haikuyagusa, ikachagua "kuchangia". Mwaka 2023 serikali ya Kongo ilianzisha mpango wa kujifungua bila malipo, ukianzia Kinshasa. Kwa mwanamke wa Bukavu, Kinshasa iko karibu kilomita 1,500 kwa ndege.

Mchango wa kweli unapatikana kwingine. Wanawake wa sokoni huzunguka fedha katika likelemba, na vikundi vya kuweka na kukopeshana vinavyojulikana kama muso vimeenea mjini na vijijini Kivu Kusini. Zipo pia mitueli za afya, ambazo wanachama hulipa kiasi kila mwaka ili bili ya mmoja isimwangushe. Vyombo hivi si vya kusifiwa kupita kiasi. Aliye maskini kabisa hana cha kuweka, na mwaka wa vita au wa njaa wote huugua kwa pamoja. Ila ndani yake neno "mchango" linarudishiwa maana yake.

Tabia yarudi tena

Mnamo Septemba 2023 katika Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu ulioko Mwenga, kulizuka mpox ya aina mpya, ambayo wataalamu waliipa nafasi yake katika ukoo wa virusi hivyo mwaka uliofuata. Wagonjwa wa awali waliotambuliwa walikuwa wengi miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono na wateja wao wachimbaji. Ugonjwa ulifuata barabara ukaingia Bukavu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Taarifa za mwanzo zilikuwa sahihi kitakwimu. Lakini katika masimulizi ya mitaani zilipokewa kwa kielelezo kilichokuwa tayari kinangoja, kile kile cha Rosa na Maimuna: mwili uliokosea umeadhibiwa. Baadaye ilionekana wazi kwamba watoto pia walikuwa wakiugua, kwa kuambukizwa nyumbani, katika vyumba ambamo watu 6 au 8 hulala pamoja na hakuna kona ya kumtenga mgonjwa. Chumba hakina tabia mbaya. Kwa muda, hata hivyo, mwenye vipele aliyeogopa jina la umalaya alijificha, na kila siku ya kujificha iliwaambukiza wengine. Hivi ndivyo kielelezo cha kifasihi kinavyoweza kuua.

Hapana budi kutaja pia pazia la vita. Nje ya nchi, afya ya Bukavu inajulikana kwa jina moja, la Hospitali ya Panzi, na kwa haki: kazi ya Dakta Denis Mukwege kwa wanawake waliobakwa ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Panzi iliyofunguliwa mwaka 1999 ilikusudiwa kwanza kuwa mahali pa uzazi salama, baada ya hospitali ya Lemera aliyokuwa akiifanyia kazi kushambuliwa mwaka 1996. Kusudio hilo la kwanza limesahauliwa na wasimuliaji. Jeraha la vita lina msimuliaji, lina kamera na lina mfadhili. Mtoto aliyekufa kwa kuhara katika bonde la Kadutu hana hata kimoja. Na bado vifo hivyo viwili havitengani, kwa kuwa vita ndiyo iliyomleta mama yake bondeni. Waasi wa M23 walipouteka mji mwezi Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa na mabenki yakafunga milango. Madhara kwa mgonjwa wa sukari anayetafuta dawa au kwa mwuguzi anayengoja posho hayakuhitaji risasi yoyote.

Sauti ambazo hazijasomwa

Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Nyaraka za afya zinaandikwa kwa Kifaransa. Kinachomfikia mkazi wa Kadutu ni tafsiri, mara nyingi kwa Kiswahili kilichonyoshwa kwa kufuata kamusi za Dar es Salaam, chenye "daktari" na "kipindupindu", ilhali mtaani watu husema "munganga" na "kolera". Walimu wa Kiswahili huiona tofauti hiyo kuwa ni suala la usanifishaji, na hujadili nani amekosea. Suala la kwanza ni jingine: katika tafsiri mkazi husemezwa, hasemi. Ni nadra bango kuwa na nafsi ya kwanza.

Mahali pa kuisikia nafsi hiyo papo. Redio Maendeleo ilianza kutangaza mjini humo mwaka 1993, zikafuata nyingine, na vichekesho, michezo ya redio na vipindi vya wasikilizaji kupiga simu vimepitishwa hewani kwa Kiswahili cha Bukavu kwa zaidi ya miaka 30. Humo mtu hueleza kwamba amenunua maji kwa bei fulani, ukuta wa jirani wa juu umemwangukia, amerudishwa na kituo cha afya kwa kukosa ada ya kumwona mganga. Kama sanaa, vingi ni vya haraka, na baadhi ni mahubiri yaliyovaa nguo za mchezo. Si vyema kuvipamba. Ila vina kitu ambacho riwaya zilizotajwa mwanzoni hazina, nacho ni mlolongo kamili wa sababu, kutoka kwa mtoto anayehara hadi kwa bidoni, kutoka kwa bidoni hadi kwa bomba lililokauka, na kutoka hapo hadi kwa ofisi.

Lubumbashi ulipata kitabu chake mwaka 1965 kwa sababu watumishi wa nyumbani walikaa wakakusanya walichokijua, na mmoja wao akakipiga chapa kwa mashine. Vipindi vya Bukavu vimo katika kanda na diski zinazoweza kupotea, katika majengo ambayo katika vita vya miaka 30 yameporwa zaidi ya mara moja. Kuzinakili kanda hizo ni kazi ambayo idara ya Kiswahili yenye wanafunzi 20 na vinasa sauti vichache inaweza kuianza katika muhula mmoja, na swali la kwanza la kuziuliza ni lile lile lililoulizwa kwa Rosa na Maimuna: anapougua mhusika, nani anayetajwa?